Binti wa miaka 18, madaktari wawili wa zamu na namba 80: uchambuzi wa kisa

Madaktari wengi wa Marekani wanakijua kisa hiki kwa jina la marehemu. Hapa sijataja jina lake, la familia yake, la hospitali wala majina ya madaktari waliomhudumia. Tarehe, jiji na namba nimeziacha kama zilivyo, maana bila hizo hakuna cha kuchambua. Nimekiandika kwa ajili ya wanaopanga zamu za madaktari walio mafunzoni, na kwa watarajali wenyewe, ambao wengi wamesikia kwamba "Marekani wana saa 80" za kazi kwa wiki bila kujua namba hiyo ilizaliwaje.

Mazingira

Hospitali ilikuwa moja ya zile kubwa za kufundishia huko Manhattan, New York. Ilikuwa na maabara, mabingwa wa kila fani na jina linaloheshimika nchi nzima. Hili nalisema mapema kwa makusudi, kwa sababu tukisikia habari za madaktari waliochoka, mawazo yetu hukimbilia hospitali ya wilaya yenye daktari mmoja na jenereta bovu. Katika kisa hiki uhaba wa vifaa haukuwa na nafasi yoyote.

Daktari wa Marekani akihitimu chuo huingia hospitalini kwa mafunzo ya miaka mitatu au zaidi. Mwaka wa kwanza kazi yake inafanana na ya mtarajali wa Tanzania au mwanagenzi wa Kenya. Yeye ndiye anayepokea wagonjwa, anaandika faili, anatoa damu, anasukuma kitanda kwenda eksirei mhudumu asipoonekana, na ndiye wa kwanza kuamshwa usiku. Juu yake kuna mwenzake wa mwaka wa pili au wa tatu. Juu ya wote wawili kuna daktari mwandamizi ambaye mgonjwa ni wake, na ambaye saa za usiku huwa nyumbani, anapatikana kwa simu.

Mwaka 1984 zamu ya saa 36 mfululizo ilikuwa jambo la kawaida, na wiki ya saa 100 haikumshangaza mtu. Hakukuwa na sheria iliyoweka ukomo. Wakubwa waliutetea utaratibu huo kwa hoja mbili. Ya kwanza ni kwamba mwanafunzi hawezi kuujua ugonjwa asipouona unavyoanza, unavyopanda na unavyoshuka. Ya pili ni kwamba kila mgonjwa anapokabidhiwa kwa daktari mwingine, kuna habari inayodondoka njiani. Hoja zote mbili zina ukweli ndani yake, na hii ya pili nitairudia. Ilikuwepo na hoja ya tatu ambayo haikusemwa kwa sauti: mtarajali ni nguvu kazi ya bei nafuu, na hospitali ilikuwa imeshajengwa juu ya mgongo wake.

Usiku wenyewe

Jumapili tarehe 4 Machi 1984, mnamo saa tano na nusu usiku, wazazi walimfikisha binti yao idara ya dharura. Alikuwa na miaka 18, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni. Alikuwa na homa kali na fadhaa, na mwili wake ulikuwa ukitikisika na kushtuka kwa namna ambayo haikueleweka. Alikuwa anatumia fenelzini, dawa ya sonona ya kundi la zamani linalojulikana kwa kugombana na vyakula na dawa nyingi. Habari hiyo aliitoa, na ikaandikwa kwenye faili.

Madaktari wa dharura walimpima na hawakupata jibu la moja kwa moja. Wakampigia simu daktari wa familia, ambaye ndiye aliyekuwa mwandamizi wa mgonjwa huyu, wakakubaliana alazwe, aongezewe maji na aangaliwe.

Alifika wodini karibu saa nane usiku. Mtarajali alimpima, na daktari wa mwaka wa pili naye akampima. Wote wawili walikuwa kazini kwa takribani saa 18. Waliona huenda ni ugonjwa wa virusi, na ile mitikisiko wakaihesabu zaidi kuwa ya kihisia, ile inayoitwa isteria. Ili kuituliza waliamua achomwe pethidini, dawa kali ya maumivu, miligramu 25, baada ya kuzungumza kwa simu na daktari wa familia. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki pethidini haihitaji kutambulishwa: kila muuguzi aliyewahi kufanya kazi wodi ya wazazi anaijua kwa mama aliyetoka kufanyiwa upasuaji.

Wazazi waliambiwa hali si ya kutisha, wakaenda nyumbani kupumzika. Daktari wa mwaka wa pili alikwenda kulala jengo la jirani, simu ikiwa kando yake. Mtarajali akabaki na wagonjwa wake wengine, takribani 40.

Binti hakutulia. Alizidi kutupatupa mikono na miguu, akaanza kuhangaika kutaka kushuka kitandani. Muuguzi akampigia mtarajali. Jibu likaja kwa simu: mgonjwa afungwe kitandani asije akaanguka, na apewe haloperidoli, dawa ya kutuliza fadhaa. Kwa maelezo ya wauguzi, aliitwa zaidi ya mara moja. Hakurudi kitandani kwa mgonjwa, maana alikuwa na wengine mkononi.

Baadaye binti akaonekana amelala. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi muuguzi alimpima joto akakuta karibu nyuzi 42. Wakahangaika kumpoza, moyo ukasimama, wakajaribu kuuamsha bila mafanikio. Kabla ya saa mbili asubuhi alikuwa amefariki.

Maelezo ambayo wataalamu wengi wanayakubali leo ni kwamba pethidini ilikutana na fenelzini, kiwango cha serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya neva, kikapanda kupita kiasi kwenye ubongo. Mtu wa hali hiyo hutikisika misuli, akili huchafuka, na joto hupanda. Ukimfunga, misuli hushindana na kamba na joto huongezeka zaidi. Kwa hiyo hata lile la kumlinda asianguke huenda lilimwongezea mzigo.

Maamuzi yaliyofanyika, na kwa nini

Ukisoma kisa hiki ukijua mwisho wake, kila uamuzi unaonekana wa kijinga. Usiku ule haukuwa hivyo, na hapa ndipo napenda kukaa kidogo.

Kuchagua pethidini hakukuwa kitu cha ajabu. Dawa hiyo hupunguza kweli mtetemeko, na hata leo madaktari wa usingizi huitumia kwa mgonjwa anayetetemeka baada ya upasuaji. Hatari ya kuichanganya na fenelzini ilikuwa imeandikwa kwenye vitabu vya dawa, lakini kuandikwa na kujulikana ni vitu viwili. Miaka michache baadaye, mbele ya kamati ya nidhamu ya jimbo, wakuu wa idara za tiba kutoka vyuo maarufu waliitwa kama mashahidi wataalamu. Kadhaa wao walikiri chini ya kiapo kwamba kabla ya kisa hiki hawakuwahi kusikia habari ya mgongano huo. Ikiwa profesa hajui, mtarajali wa miezi kadhaa angeijulia wapi? Na hakukuwa na mfamasia wala mfumo wa kuisimamisha dawa ile kati ya kalamu na sindano.

Uamuzi wa daktari wa mwaka wa pili kwenda kulala ulikuwa halali kwa desturi ya pale. Alikuwa na siku nyingine nzima mbele yake. Daktari wa familia naye hakuvunja desturi kwa kutokuja, kwani mwandamizi aliyekuja hospitalini usiku wa manane kwa kila mgonjwa mwenye homa angechekwa.

Amri ya kumfunga mgonjwa kwa simu ndiyo inayonisumbua kuliko zote. Mgonjwa mwenye homa ambaye fadhaa yake inaongezeka baada ya dawa anasema kitu, na kitu hicho hakisikiki kwenye simu. Lakini mtarajali aliyeshika wodi yenye watu 40 hupima kila simu kwa swali moja: huyu atakufa sasa hivi kama nisipokwenda? Alishaandika kwenye akili yake kwamba huyu ni virusi na isteria. Kuibadili tafsiri hiyo kulihitaji macho mapya, na macho pekee yaliyokuwa karibu na kitanda yalikuwa ya muuguzi, ambaye aliyatumia, akapiga simu, akapewa dawa nyingine.

Baada ya kifo

Baba wa marehemu alikuwa mwandishi na mwanasheria aliyewahi kuwa mwendesha mashtaka wa serikali. Alijua milango ya kugonga na namna ya kuigonga. Alipogundua kwamba waliomhudumia mwanawe walikuwa madaktari wawili walio mafunzoni, wa zamu ndefu, bila mwandamizi aliyefika kumwona, alitaka washtakiwe kwa mauaji.

Suala lilifika mbele ya jopo la raia wa Manhattan, lile ambalo kazi yake ni kuamua kama kuna kesi ya jinai ya kujibu. Mwaka 1986 jopo lilikataa kumshtaki mtu yeyote. Lakini liliandika ripoti nzito dhidi ya mfumo wenyewe: wagonjwa wa dharura kuhudumiwa na wasio na uzoefu, usimamizi hafifu wa madaktari wadogo, saa ndefu za kazi, kufunga wagonjwa bila daktari kurudi kuwaona, na kukosekana kwa njia ya kuzuia dawa zinazogongana. Angalia mpangilio wake. Saa za kazi zilikuwa jambo moja kati ya kadhaa.

Kamishna wa afya wa jimbo, David Axelrod, akaunda kamati mwaka 1987 chini ya Bertrand Bell, profesa wa Chuo cha Tiba cha Albert Einstein kule Bronx. Bell alikuwa na hoja yake ya siku nyingi kwamba daktari mdogo asiachwe peke yake na mgonjwa mahututi. Mapendekezo ya kamati yakawa kanuni za jimbo, zikaanza kutumika Julai 1989. Kanuni hizo zilitaka wandamizi wawepo hospitalini saa 24. Zilitaka pia kwamba daktari aliye mafunzoni asifanye kazi zaidi ya wastani wa saa 80 kwa wiki, asizidishe saa 24 mfululizo, na apate siku moja nzima ya kupumzika kila wiki. Idara ya dharura ziliwekwa zamu za saa 12.

Upande wa leseni na mahakama mambo yalichukua miaka. Kamati ya nidhamu iliwasafisha wale madaktari wawili. Bodi ya juu ikatengua na kuwapa karipio rasmi. Mwaka 1991 mahakama ya rufaa ikalifuta karipio hilo. Kesi ya madai ya familia iliisha 1995: wazee wa baraza waliona madaktari watatu walichangia kifo, lakini wakaweka nusu ya lawama kwa marehemu mwenyewe kwa madai kwamba alificha matumizi ya kokeni, jambo lililobishaniwa vikali kortini kwa sababu vipimo havikukubaliana. Familia ilipewa dola 375,000. Nayapita haraka haya kwa kuwa hayakubadili zamu ya mtu.

Namba 80 ilivyopatikana

Hapa nataka msomaji aone kitu kwa karibu. Watu huitaja namba 80 kana kwamba ilitoka maabara. Bell mwenyewe alieleza baadaye jinsi walivyoifikia, na ni hesabu ya kwenye karatasi. Wiki ina saa 168. Ni haki daktari afanye kazi saa 10 kwa siku, siku tano, jumla saa 50. Zinabaki 118. Ni ubinadamu akikesha usiku mmoja katika kila nne, kwa hiyo gawa 118 kwa nne, upate karibu 30. Jumlisha 50 na 30.

Basi. Hakukuwa na utafiti wa usingizi ndani yake. Siilaumu hesabu yenyewe, kwani mwaka 1987 ushahidi ulikuwa haba na kamati ilihitaji kitu cha kuandika kwenye kanuni. Ninachosema ni kwamba namba iliyopatikana kwa gawio la mezani ndiyo iliyokuja kuigwa nchi nzima, huku lile sharti la mwandamizi kuwepo likibaki nyuma. Mwaka 1993 Bell aliandika kwenye jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani kwamba ufunguo wa kuboresha huduma ni usimamizi, na kwamba kanuni za saa si ufunguo huo. Mtu ambaye kamati yake iliweka saa 80 ndiye aliyekuwa akiwaambia watu wasizitazame saa hizo peke yake.

Matokeo

Kwa muongo wa kwanza kanuni zilibaki zaidi kwenye makaratasi. Mwaka 1998 wakaguzi wa jimbo waliingia hospitali 12 bila taarifa na kukuta ukiukaji kwa wingi, hasa upande wa upasuaji. Madaktari wadogo walikuwa wakiandika saa zinazotakiwa na kufanya saa zinazohitajika. Anayekwenda kuripoti kwamba amezidisha saa anairipoti programu yake mwenyewe ya mafunzo, ile itakayompa cheti.

Julai 2003 chombo kinachosimamia mafunzo ya udaktari nchini humo kikaweka saa 80 kwa programu zote. Mwaka 2011 kikabana zaidi, kwamba wa mwaka wa kwanza asizidishe saa 16 mfululizo. Mwaka 2017 kikalegeza, wakarudi kwenye saa 24, pamoja na saa 4 za ziada za kukabidhi na kumalizia. Huku kushika na kuachia hakuonyeshi uzembe. Tafiti zilizofuata hazikwenda upande mmoja, na ndizo zinazotupa namna ya kukitathmini kisa.

Uchambuzi: uchovu ulikuwa na uzito gani?

Ulikuwa na uzito. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya vibaya kwenye majaribio ya umakini sawa na aliyekunywa hadi kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 kwenye damu, na akifika saa 24 ni kama asilimia 0.10. Madaktari wetu wawili walimpima binti wakiwa kwenye mpaka huo wa kwanza, na usiku ulikuwa bado mbichi. Mwaka 2004 utafiti wa vitengo vya wagonjwa mahututi huko Boston ulikuta kwamba watarajali wa zamu za jadi walifanya makosa makubwa ya kitabibu kwa asilimia 36 zaidi kuliko walipopangiwa zamu fupi. Mwaka uliofuata ikaonekana kwamba mtarajali anayetoka zamu ya saa 24 au zaidi ana uwezekano mara 2.3 wa kupata ajali ya gari akirudi nyumbani. Anayesema uchovu ni suala la uvumilivu abishane na namba hizo.

Lakini jiulize kisa hiki kingeendaje kama wote wawili wangekuwa wameamka saa mbili zilizopita. Bado wasingeujua mgongano wa pethidini na fenelzini, kama wale maprofesa wasivyoujua. Pengine mtarajali angekwenda kumwona binti alipoitwa mara ya pili, na hilo si dogo. Bado angekuwa na wagonjwa 40, na bado asingekuwa na mtu wa juu yake wa kumwambia "twende tukamwangalie pamoja". Kwa tathmini yangu uchovu ulikuwa kichocheo. Mlango ulioachwa wazi ulikuwa ni usimamizi, na uliachwa wazi na desturi iliyompa mwandamizi haki ya kulala kwake.

Uchambuzi: ukipunguza saa bila kuongeza mikono

Utafiti wa mwaka 2020 kwenye vitengo sita vya watoto mahututi ulitegemewa kuimaliza hoja. Zamu zilikatwa hadi saa 16. Makosa yakaongezeka. Walipochimba, wakakuta kwamba kwenye ratiba mpya kila daktari alibeba wagonjwa wengi zaidi, na walipozingatia idadi hiyo kwenye hesabu, tofauti ilitoweka. Kwa maneno mengine, hospitali ilikata saa na kuacha kazi ileile kwa watu walewale. Rudi sasa kwenye wodi ile ya Manhattan na wagonjwa wake 40. Kanuni za 1989 ziliweka ukomo wa saa. Kwa upande wa idadi ya wagonjwa ambao daktari mmoja mdogo anaweza kuwashika usiku mmoja, mjadala haukuwahi kupata namba yenye nguvu kama ile 80.

Majaribio mawili makubwa, moja la programu 117 za upasuaji lililotolewa 2016 na jingine la programu 63 za tiba ya ndani, yalilinganisha ratiba zilizobanwa na zilizolegezwa. Vifo vya wagonjwa havikuonyesha tofauti ya maana. Wapo wanaoyatumia kusema ukomo wa saa hauna kazi. Nadhani wanayasoma vibaya, kwa sababu pande zote mbili zilibaki ndani ya wastani wa saa 80. Hakuna aliyethubutu kurudisha ile wiki ya saa 100 kwa ajili ya jaribio.

Uchambuzi: makabidhiano

Hapa ile hoja ya wakubwa wa zamani inadai haki yake. Ukikata zamu, unaongeza makabidhiano, na makabidhiano mabaya huua kama uchovu unavyoua. Mwaka 2014 utafiti wa hospitali tisa za watoto ulifundisha madaktari walio mafunzoni njia moja ya kukabidhi: uzito wa hali ya mgonjwa kwanza, muhtasari, kazi zilizobaki, nini kifanyike kikitokea hiki au kile, na anayepokea arudie kwa maneno yake. Makosa yalipungua kwa asilimia 23, na madhara yaliyoweza kuzuilika kwa asilimia 30. Hakuna saa iliyokatwa pale.

Nichore mfano kwa mgonjwa wetu. Makabidhiano ya haraka yangekuwa: "Kitanda cha kumi na mbili, msichana, homa ya virusi, anahangaika kidogo, nimempa pethidini." Aliyepokea anakwenda akiwa na utambuzi uliokwisha kufungwa. Sasa yawe hivi: "Kitanda cha kumi na mbili ndiye ninayemhofia. Homa na mitikisiko, sababu hatujaijua, anatumia fenelzini, nimetoka kumpa pethidini. Joto lipimwe kila nusu saa. Likipanda au akizidi kuhangaika, nenda ukamwone mwenyewe na umwite mkubwa wako, usitoe dawa kwa simu." Muda ulioongezeka ni kama sekunde ishirini. Mtu anayelazimika kusema "sababu hatujaijua" pia anajisikia akisema hivyo, na huenda akashika kitabu cha dawa.

Kilichofanya kazi

Kwanza, uchovu ulitoka kwenye sifa za ushujaa ukaingia kwenye orodha ya mambo ya usalama wa mgonjwa. Kabla ya hapo daktari aliyelalamikia zamu alionekana legelege. Pili, ukaguzi wa ghafla wa 1998 ulionyesha kwamba kanuni bila mkaguzi wa nje ni mapambo. Tatu, mgongano wa dawa ukawa jambo la mfumo: leo kompyuta za hospitali nyingi za Marekani zingeigomea pethidini ile kabla haijatoka kwa mfamasia. Ukinibana nichague hatua moja ambayo ingemwokoa binti yule, ningeichagua hiyo, na haina uhusiano wowote na saa.

Kwa wodi zetu

Sheria ya ajira ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku, kisha inaziachia kazi za dharura mlango wa kutokea. Hospitali ni nyumba ya dharura, kwa hiyo mlango huo unapitisha karibu kila kitu. Kenya mgomo wa madaktari wa siku 56 wa mwaka 2024 ulibeba suala la wanagenzi, lakini kiini kilikuwa kupangiwa vituo na malipo, na saa zao hazikupata nafasi kubwa mezani.

Ulaya walikwenda njia nyingine ambayo nadhani inatufaa zaidi kuliko namba 80. Kwao ukomo ni wastani wa saa 48 kwa wiki na saa 11 za mapumziko kila siku, na mahakama yao ya juu iliamua mwaka 2000 na tena 2003 kwamba daktari anayelazimika kubaki hospitalini yuko kazini hata akiwa amelala. Sisi hesabu nyingi za zamu bado zinamhesabu mtarajali aliyejinyoosha kwenye chumba cha madaktari kuwa amepumzika. Kwa hesabu ya Ulaya, daktari wa mwaka wa pili wa kisa hiki, aliyelala jengo la jirani akisubiri simu, alikuwa kazini.

Anayetaka kuukagua mfumo wa idara yake kesho hahitaji kamati. Achukue kitabu cha zamu cha mwezi uliopita, achague usiku wowote mmoja, amuulize muuguzi aliyekuwepo mambo matatu: mtarajali alikuwa na wagonjwa wangapi, alipoitwa mara ya pili kwa mgonjwa yuleyule alikuja au alijibu kwa simu, na mkubwa wake alikuwa wapi. Jibu la swali la pili liandikwe kwenye kitabu hicho hicho, kando ya jina la aliyekuwa zamu, na jina la mkubwa wake liandikwe pia.